Ampea zimeshuka, je, bili nayo itashuka?

"Mhandisi, habari za kazi. Ninasimamia kiwanda kidogo cha maji ya kunywa hapa Dar es Salaam. Chupa tunapuliza wenyewe na kuzijaza. Tunafanya kazi saa 16 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili tunafunga. Ankara ya mwezi uliopita ilikuwa ya uniti 38,000 na mahitaji ya juu ya kVA 160, na fundi wetu alipima pawa fakta akapata 0.74. Amekuja muuzaji na kifaa chenye kapasita, akakiunganisha kwa majaribio, na kwa macho yangu nikaona ampea kwenye njia kuu zikishuka kutoka 230 hadi 180. Anasema kwa kuwa umeme umepungua kwa zaidi ya asilimia 20, bili nayo itapungua hivyohivyo, na bei yake ni Sh milioni 8. Kampuni nyingine inatushauri tuweke sola ya kilowati 50 juu ya paa. Mzee mwenye kiwanda anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nilisahau kusema kwamba kompresa yetu ya hewa, ya kilowati 37, huwa hatuizimi usiku wala Jumapili, ili asubuhi presha iwe tayari. Tuanze na kipi?"

Ndugu yangu, hiyo sentensi uliyokaribia kuisahau ndiyo niliyoirudia kuisoma mara tatu. Nitaifikia. Naelewa kinachokutia wasiwasi: ukimshauri mzee atoe milioni 8 na bili isishuke kama ilivyoahidiwa, lawama itakuwa yako, na ukikataa kifaa ambacho kingesaidia, lawama itakuwa yako vilevile. Nitakujibu kwa kutumia takwimu zako mwenyewe, ili hesabu uweze kuirudia mbele yake kwa kalamu na karatasi.

Ampea zilishuka kweli, wala muuzaji hakukufanyia mazingaombwe. Kosa lake ni kuzichukulia ampea kana kwamba ndizo umeme unaoulipia. Mtazame mvuta mkokoteni wa Kariakoo aliyepakia magunia. Mikono yake inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inainua mipini isiguse chini, na inavuta mzigo kwenda mbele. Kule kuinua hakulisogezi gunia hata hatua moja, lakini akiacha kuinua, mkokoteni hauendi. Mota zako ni hivyohivyo. Sehemu ya umeme zinaoupokea huzungusha shafti, na hiyo ndiyo kazi. Sehemu nyingine hujenga usumaku ndani ya koili, nayo hailiwi, bali huenda na kurudi kati ya mota na gridi mara 100 katika kila sekunde, ikijaza nyaya njia nzima. Pawa fakta ni uwiano wa kuvuta kwa nguvu zote zinazoletwa, na hiyo ya 0.74 inakwambia kwamba mvutaji wako anatumia nguvu nyingi kushikilia mipini.

Kapasita ni kijana anayekuja kusimama kando ya mkokoteni na kuishika ile mipini, akampunguzia mvutaji mzigo wa kuinua. Usumaku wa mota sasa unapatikana palepale kiwandani badala ya kuletwa kutoka mbali, na nyaya za kutoka kwenye transfoma zinapata nafuu, ndiyo maana ampea za njia kuu zilishuka. Lakini magunia ni yaleyale na safari ni ileile. Mita ya uniti huhesabu kuvuta peke yake, na kuvuta hakujapungua, isipokuwa kiasi kidogo sana cha joto lililokuwa likipotea kwenye nyaya. Kwa sababu hiyohiyo, vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kwa wateja wa nyumbani kwamba vinaokoa umeme havimsaidii mwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla, hata kidogo, kwa kuwa yeye analipia uniti tu.

Wewe, hata hivyo, hulipii uniti tu, na hapo ndipo kifaa kinapopata haki yake. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa kundi la T2, yaani anayetumia umeme wa volti 400 na kuvuka uniti 7,500 kwa mwezi, alitakiwa kulipa Sh 195 kwa kila uniti na Sh 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu, yaani kilele cha mwezi cha kuvuta na kuinua kwa pamoja. Nitatumia viwango hivyo, kabla ya kodi na tozo. Wewe weka vilivyo kwenye ankara yako. Uniti zako 38,000 zinafanya Sh 7,410,000, na kVA zako 160 zinafanya Sh 2,400,640. Jumla ni kama Sh milioni 9.8. Kapasita zinagusa hiyo sehemu ya pili tu. Katika kVA 160 kwa pawa fakta ya 0.74 kuna kilowati 118 za kazi halisi, na ukiipandisha pawa fakta hadi 0.95, kilowati hizohizo zitahitaji kama kVA 125. Umepunguza kVA 35, sawa na Sh 525,000 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 5 ya bili na ushei, wala si 20. Kwa ahadi ya muuzaji, milioni 8 zingerudi kabla ya miezi minne. Kwa hesabu ya kweli, zitarudi baada ya miezi 15.

Miezi 15 si mibaya. Kwa mtambo unaotarajiwa kudumu miaka kadhaa, mimi ningeununua, ila si kwanza, ungekuwa hatua ya pili au ya tatu, na kwa masharti. Kwanza, mwambie muuzaji aandike ahadi yake kwa kVA na si kwa ampea. Pili, kiwanda chako kikiwa na mashine zenye kidhibiti cha kasi ya mota, na za kupuliza chupa nyingi zinacho, mawimbi ya umeme huwa yamechafuka, na kapasita zisizo na koili za kuzikinga huvimba na kupasuka mapema. Tatu, mtambo uwe unaoingiza na kutoa kapasita wenyewe kwa hatua kadiri mzigo unavyobadilika, kwa sababu kapasita zikibaki zote usiku mota zikiwa zimelala, zinaweza kupandisha volti na kuunguza vifaa vingine. Na umtahadharishe fundi wako: kapasita hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na aliyezoea mota peke yake anaweza kulisahau hilo siku moja tu, ikawa ndiyo siku yake ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kompresa isiyolala. Hewa ya presha ni huduma ya gharama kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu haina harufu, haimwagiki sakafuni, na ikivuja hakuna anayeteleza. Weka kiganja mbele ya feni ya kompresa yako ikiwa inafanya kazi: lile joto unalolisikia ndiko iliko sehemu kubwa sana ya umeme uliolipia, na kinachobaki ndani ya bomba ni kidogo. Hicho kidogo kikipotelea kwenye kiungo kilicholegea, umelipa gharama yote bila kupata kazi yoyote.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja siku ya Jumapili, mashine zote zikiwa kimya, mlinzi na mimi tu. Kompresa iliwaka yenyewe, ikanguruma, ikatulia, ikawaka tena, wakati hapakuwa na mtu anayetumia hewa. Tulipozima feni za paa nikasikia sauti nyembamba chini ya mkanda wa kubebea chupa. Nilipiga magoti na chupa ya maji ya sabuni, nikanyunyizia kwenye kiungo cha shaba, na povu likavimba hapohapo, likapasuka, likavimba tena. Hatua mbili mbele, bomba la mpira lililotoboka lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mtu aliyelifunga alijua kuwa linavuja, alijitahidi kwa alichokuwa nacho, na huenda aliomba bomba jipya akaambiwa asubiri. Hadi jioni tulikuwa tumefunga vipande vya utepe mwekundu kwenye sehemu 23, na hakuna hata moja iliyohitaji zaidi ya spana, mpira wa kuzibia, au kipande cha bomba.

Wewe anza kwa kupima, na kipimo chake hakihitaji chombo zaidi ya saa ya simu. Jumapili, kila kitu kikiwa kimezimwa, iache kompresa peke yake ikiwaka hadi presha ifike mwisho. Kwa kuwa hakuna anayetumia hewa, kama mabomba ni mazima kompresa itapumzika muda mrefu sana. Ikianza kubeba mzigo tena, yaani kusukuma hewa, andika imebeba kwa dakika ngapi na imepumzika kwa dakika ngapi, urudie mara kumi, kisha ugawe muda wa kubeba kwa jumla ya muda wote. Tuseme inabeba dakika 2 na kupumzika 4. Mbili kwa sita ni theluthi, maana yake theluthi ya hewa inayoweza kutengenezwa na kompresa hiyo inakwenda angani. Usione ni mfano wa kutisha. Viwanda ambavyo havijawahi kutafuta uvujaji mara nyingi huwa kati ya asilimia 20 na 30, na vingine huzidi.

Katika mwezi wa siku 30 wenye siku 26 za kazi, kiwanda chako kinakaa bila mtu kwa saa 304. Kompresa ya kilowati 37 inayobeba mzigo theluthi ya muda, na muda uliobaki ikazunguka bure, bado inakula kama kilowati 11 wakati huo inaposemekana imepumzika, kwa sababu mota haijazimika. Wastani wake unakuwa karibu kilowati 20. Ukizidisha kwa saa 304, unapata uniti 6,000 na zaidi kidogo, yaani karibu Sh milioni 1.2 kila mwezi, kwa ajili ya kupuliza hewa gizani. Ni zaidi ya mara mbili ya faida ya kapasita, na dawa yake ni kitufe.

Hofu ya presha ya asubuhi naielewa, lakini hesabu haiiungi mkono. Kompresa ya ukubwa huo hutoa takriban mita 6 za ujazo za hewa kwa dakika. Tangi la lita 1,000 linajaa chini ya dakika mbili, na ukiongeza mabomba yote ni dakika chache nyingine. Anayefungua zamu akiiwasha robo saa kabla ya wenzake, presha itakuwa tayari kabla hawajavaa kofia za kazi. Kabla ya kuzima kwa mara ya kwanza, kagua jambo moja kwa uangalifu: kama mtambo wa kusafisha maji una vali zinazoshikiliwa na hewa, hakikisha hewa ikiisha zinafunga na si kufungua, usije ukakuta tangi limefurika.

Baada ya usiku, ugeukie mchana. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya bar 7 linamaliza takriban kilowati 3.5 za kompresa. Kwa saa zako 416 za kazi, hilo tundu moja ni kama Sh 284,000 kwa mwezi. Tazama hasa vali za kutolea maji chini ya tangi na kwenye vichujio. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, maji hujikusanya, na wahudumu wengi huiacha vali wazi kidogo ili yatoke yenyewe, wasijue kwamba wamefungua tundu la kudumu. Weka vali inayojifungua yenyewe maji yakijaa. Kisha tazama geji: kama mashine ya kujaza inataka bar 6 na kompresa imewekwa 8.5, ishushe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu kila bar moja unayopunguza katika viwango hivyo huokoa kama asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Njia ya presha kubwa ya kupulizia chupa, inayofika hata bar 40, usiiguse kwa mkono wala usiache kijana aitafutie uvujaji kwa kiganja. Hewa ya nguvu hiyo hupenya ngozi. Hiyo mwachie mtaalamu.

Nije kwenye mahitaji ya juu, kwa sababu kuna imani iliyoenea kwamba mota ikiwashwa na kuvuta ampea mara sita au saba ya kawaida, ndipo kVA za mwezi mzima zinaporekodiwa. Sivyo. Mvuto huo ni wa sekunde, na mita huchukua wastani wa kipindi cha dakika kadhaa. Kinachokupandishia kVA ni vitu vizito vinavyokaa pamoja kwa muda: asubuhi ya Jumatatu, hita za mashine ya chupa zinapasha moto tangu ubaridi, mtambo wa kupooza maji unapambana na maji yaliyopata joto siku nzima ya Jumapili, na kompresa zinajaza, vyote ndani ya nusu saa moja. Ukivipanga vipishane kwa dakika 40, hutapunguza uniti, lakini kila kVA 10 zilizoshuka ni Sh 150,000 ambazo hazikuhitaji ununuzi wowote. Ila lazima ipangwe kila Jumatatu, maana asubuhi moja ya haraka inatosha kuirudisha kVA ya mwezi mzima pale ilipokuwa.

Kuhusu sola, mimi siipingi, na jua la pwani yetu ni zuri. Ila kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Sola inaleta kuvuta bila kuinua mipini. Kilowati 50 zikitoka kwenye paa saa sita mchana, gridi itakuletea kilowati 68 tu badala ya 118, lakini umeme wa usumaku utabaki uleule, hivyo kwenye mita pawa fakta itaonekana imeanguka hadi karibu 0.54, na kVA zitashuka kutoka 160 hadi kama 127 tu. Tena zitashuka mchana tu. Kama kilele chako kinatokea saa moja jioni, sehemu ya kVA kwenye ankara haitaguswa. Uniti zitapungua kweli, na hiyo ndiyo faida yake ya kuhesabia. Lakini ukiinunua leo, utakuwa unanunua paneli za kulisha matundu ya hewa. Ziba kwanza, kaa miezi mitatu, soma ankara mpya, ndipo uite kampuni ikupimie sola kwa mzigo ambao kiwanda kinauhitaji. Usisahau kumwita mtu wa majengo akague mbao na vyuma vya paa.

Hukuuliza kuhusu mota, lakini utaulizwa. Mota ya zamani ya kilowati 15 yenye ufanisi wa asilimia 88.7, ukiibadilisha kwa mpya ya IE3, daraja la kimataifa la mota zenye ufanisi mkubwa, yenye asilimia 92.1, itakuokolea kama Sh 50,000 kwa mwezi kwa saa zako za kazi ikiwa imebeba mzigo kamili. Kwa hiyo usiitoe mota ambayo bado inafanya kazi vizuri. Subiri iungue, na siku hiyo ununue ya IE3 badala ya kuisuka upya kwa mara ya tatu. Mtambo wa kupooza maji uoshe mapezi yake vumbi na uangalie usiwe unavuta hewa moto inayotemwa na kompresa jirani. Taa zikiwa bado za zamani, weka za LED zinapoungua.

Kuna mambo usiyafanye kwa kusoma barua yangu. Kufunga kapasita, kubadilisha mipangilio ya presha kubwa, na kufungua ubao mkuu wa umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, aliyesimama mbele ya mitambo yako. Ukiona kapasita imevimba, waya wa nyutro una joto, au swichi kuu inajizima bila sababu, usisubiri hesabu yoyote. Ita mtu siku hiyohiyo. Na kwa kiwanda cha ukubwa wako, ukaguzi kamili wa nishati wa kuweka vyombo vya kurekodi kwa wiki nzima unalipa. Wenzetu wa Kenya waliufanya kuwa sharti kwa kanuni za mwaka 2012: jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kilitakiwa kukaguliwa kila miaka mitatu. Chako kinatumia 456,000.

Kwa mzee, basi, sema hivi: Jumamosi ya wiki ijayo, zamu ya mwisho ikitoka, nitasoma mita na kuzima kompresa, na Jumatatu alfajiri kabla ya kuwasha chochote nitaisoma tena. Wikiendi hii ukiwa umesoma vilevile kompresa ikiwa imewashwa, tofauti kati ya wikiendi hizo mbili haitahitaji maneno yangu wala ya muuzaji. Muuzaji mjibu kwa heshima kwamba mtazungumza naye baada ya ankara mbili, na kwamba atakapokuja aje na mkataba ulioandikwa kVA. Nitumie namba ulizosoma kwenye mita wikiendi zote mbili pamoja na zile dakika za kubeba na kupumzika, tukae tena kwenye hesabu.